Homa Zitokanazo na Panya: Namna ya Kuzitambua kwa Mgonjwa

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanajulishwa kwamba somo la afya katika ukurasa huu linahusu homa zinazosababishwa na bakteria watokao kwa panya, na hasa namna homa hizo zinavyotambuliwa mapema kabla hazijaua. Somo limejengwa juu ya mazingira ya wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara. Huenda msomaji wa visiwani akauliza, yatuhusu nini mambo ya Mara? Jawabu ni kwamba watu wetu huenda huko kwa kazi za utalii, biashara, machimbo na utumishi, nao hurejea makwao. Homa haina mpaka wa bahari: mtu aweza kuambukizwa kando ya Mto Mara akaugulia Unguja au Pemba. Zaidi ya hayo, panya, mabonde ya mpunga na maghala ya nafaka vipo hapa petu pia. Kwa hiyo somo la Mara ni somo letu.

KWA NINI TARIME NA SERENGETI

Yapo maeneo ambamo mambo yote yanayowakutanisha binadamu na panya hukusanyika pahala pamoja, na wilaya hizi mbili ni miongoni mwake. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji. Mahindi, mtama, ulezi na muhogo huvunwa na kuwekwa karibu na nyumba, pengine ndani ya nyumba yenyewe, na penye nafaka hapakosi panya. Ng'ombe hulala uani, nao hunywa katika vijito na malambo yale yale yanayochotwa maji ya matumizi. Mto Mara hushuka kutoka Kenya, ukapita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ukatandaa katika vinamasi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Vijiji vya upande wa Mugumu vimepakana na wanyamapori. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, mbali na mgodi mkubwa wa dhahabu, wapo wachimbaji wadogo wanaofanya kazi katika mashimo yenye maji na matope, mara nyingi bila ya viatu.

Juu ya hayo yote, malaria ingali nyingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Hilo ndilo linalotatiza utambuzi. Mtu akipatwa na homa, fikra ya kwanza ya mgonjwa, ya jamaa zake na ya tabibu ni malaria. Fikra hiyo si kosa, kwani malaria huua upesi na yapaswa kupimwa kwanza. Kosa ni kuifanya fikra ya kwanza kuwa ndiyo ya mwisho.

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA NCHINI

Ili msomaji asidhani kwamba tunazungumzia maradhi ya mbali, tutaje mambo mawili yaliyotokea Tanzania.

La kwanza ni la Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Mwanzoni mwa Julai 2022 walionekana huko wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa na damu puani. Khofu ilienea, maana damu puani pamoja na homa humkumbusha kila mtu Ebola na Marburg. Sampuli zilipimwa, na maradhi hayo mawili hayakuonekana, wala UVIKO-19. Mnamo tarehe 18 Julai 2022 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba maradhi yaliyogunduliwa ni leptospirosi, ambayo kwa Kiswahili huitwa homa ya mgunda, yaani homa ya shamba. Wakati huo waliokuwa wamepatikana ni wagonjwa 20, na watatu kati yao walikwisha kufariki dunia. Bakteria wa maradhi haya wanajulikana tangu mwaka 1915, walipogunduliwa na wataalamu wa Japani, na dawa zake ni za kawaida. Kilichokuwa kigumu ni kulijua jina la maradhi.

La pili ni la Moshi. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 waliandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo madhubuti vilipofanywa, waliokuwa wakiugua malaria kwa hakika ni 14 tu. Miongoni mwa waliopimwa maradhi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, karibu robo walikuwa nayo, na wagonjwa 40 walikuwa na homa ya mgunda. Mara si Moshi, na malaria ya Mara ni nyingi zaidi. Hatuwezi kuzihamisha hesabu hizo kama zilivyo. Lakini funzo lake linahama: ugonjwa usiofikiriwa hautafutwi, na usiotafutwa hauonekani.

MARADHI YENYEWE

Homa ya mgunda. Bakteria wake huishi katika figo za panya bila ya kumdhuru panya mwenyewe, nao hutoka kwa mkojo. Katika maji na udongo wenye unyevu huweza kuishi kwa wiki kadhaa, bali jua kali na ukavu huwaua. Humwingia mtu kwa mikwaruzo na michubuko ya ngozi, au kwa utando laini wa macho, pua na kinywa. Ng'ombe, nguruwe na mbwa pia huweza kuwabeba, jambo ambalo mfugaji wa Tarime hana budi kulijua. Aghalabu dalili huanza baina ya siku 5 na 14 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, maumivu makali ya kichwa, maumivu ya misuli hasa ya vigimbi vya miguu na kiuno, na macho mekundu yasiyo na usaha. Wengi hupona. Baadhi yao hugeuka manjano, figo zikashindwa kazi, au damu ikavuja mapafuni. Watafiti walikadiria mwaka 2015 kwamba duniani kote maradhi haya huwapata watu zaidi ya 1,000,000 kila mwaka, na kuua karibu 59,000.

Tauni. Hii huletwa na viroboto waliomnyonya panya mgonjwa. Tanzania yaijua tauni vyema: baina ya mwaka 1980 na miaka ya mwanzo ya 2000 Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, iliteseka kwayo mwaka hadi mwaka, na nchi nzima ilipata wagonjwa zaidi ya 8,000. Dalili yake kubwa ni homa kali pamoja na mtoki, yaani uvimbe wa tezi wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Ikiingia mapafuni, mgonjwa hukohoa na huweza kumwambukiza mwenziwe kwa pumzi. Isipotibiwa, tauni ya mtoki huua baina ya watu 30 na 60 katika kila 100. Ya mapafu isipotibiwa mapema haimwachi mtu. Kufa kwa panya wengi bila ya sababu inayojulikana ni onyo linalotangulia kufa kwa watu.

Homa ya kuumwa na panya. Hii ni nadra, na kwa kuwa ni nadra husahauliwa. Huwapata zaidi watoto na watu walalao chini penye panya. Jeraha aghalabu huwa limekwisha kupona homa inapoanza, siku chache au hata wiki tatu baadaye. Zipo aina mbili: moja huleta vipele mikononi na miguuni pamoja na maumivu ya viungo, nyingine hufanya jeraha lililopona livimbe upya, na homa ikawa inakuja na kuondoka. Bakteria wa aina ya pili hakubali kuoteshwa katika vyombo vya maabara, hivyo khabari ya kuumwa hubaki kuwa ushahidi mkubwa.

Iko pia homa ya matumbatumba inayoletwa na viroboto wa panya, ambayo dalili zake za mwanzo hazitofautiani na za malaria.

KUULIZA KABLA YA KUPIMA

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana wa miaka 24 anafika katika zahanati moja wilayani Tarime. Ana homa ya siku nne, kichwa kinamuuma, na anatembea kwa shida. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Ziko njia mbili mbele ya tabibu.

Njia ya kwanza ni kumwambia, "Huna malaria," akampa dawa ya maumivu na kumrejesha nyumbani. Au kumpa dawa ya malaria hivyo hivyo, kwa kuwa kijana ameizoea na ameiomba. Njia ya pili ni kuuliza. Unafanya kazi gani? Ulipata kuingia katika maji au matope katika mwezi uliopita? Una mchubuko mguuni? Nyumbani mnahifadhi wapi nafaka? Umeona panya, hai au waliokufa? Umepata kuumwa? Umechinja mnyama au kumzalisha ng'ombe? Umesafiri wapi? Hapo kijana anasema kwamba kwa wiki tatu alikuwa akichota matope shimoni kwa miguu mitupu. Tabibu anamtazama macho, anayaona mekundu. Anabonyeza vigimbi, kijana anaruka kwa maumivu. Anauliza khabari ya mkojo, anaambiwa umepungua.

Maswali hayo hayakugharimu hata senti, na yamebadilisha kila kitu. Sasa tabibu ana dhana yenye msingi, na mkojo uliopungua ni alama ya hatari inayomtaka mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo cha malaria kimemwambia kisichokuwapo. Ni mgonjwa mwenyewe aliyemwambia kinachoweza kuwapo.

Na lau kipimo hicho kingeonyesha malaria? Hapa panahitaji uangalifu zaidi. Mahali penye malaria nyingi, mtu mzima aweza kuwa na vimelea katika damu yake bila ya kuugua kwavyo. Mgonjwa atibiwe malaria, ndiyo. Lakini ikiwa dawa imetumika sawasawa na homa haikuondoka kwa siku mbili au tatu, au ikiwa manjano, kutokwa damu, mtoki au upungufu wa mkojo umeonekana, swali lifunguliwe upya.

KILA KIPIMO KINA SIKU YAKE

Jambo hili halieleweki vyema na watu wengi, nalo ndilo linalowapoteza wagonjwa. Kipimo sahihi kikifanywa siku isiyo yake hutoa jawabu la kupotosha.

Tuanze na kioo cha damu kinachotazamwa kwa hadubini. Kioo hicho huonyesha malaria, na fundi hodari aweza pia kuona vimelea vya malale, au bakteria wa homa ya papasi ambao hupinda mfano wa nyuzi. Bakteria wa homa ya mgunda ni wembamba mno, hawaonekani kwa rangi za kawaida. Kwa hiyo kioo safi si hati ya kuwa mtu ni mzima.

Katika homa ya mgunda, bakteria huwa ndani ya damu kwa takriban wiki ya kwanza ya ugonjwa. Huu ndio wakati wa kipimo cha vinasaba, na damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya dawa. Kuanzia wiki ya pili bakteria hupungua katika damu na kuonekana katika mkojo. Nayo kinga ya mwili huanza kujitokeza. Kipimo cha kinga kinachofanywa siku ya tatu aghalabu hakionyeshi kitu, na tabibu asiyejua hilo atasema maradhi hayapo. Namna iliyo bora ni kuchukua damu mara mbili, mwanzoni na tena baada ya wiki mbili hivi, kisha kulinganisha. Maabara za rejea huichanganya damu hiyo na bakteria walio hai na kutazama kama wanagandamana. Kiwango cha kinga kikipanda mara nne au zaidi, shaka imeondoka. Kazi hiyo yataka wataalamu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimeifanya kwa miaka mingi pamoja na utafiti wake juu ya panya.

Katika tauni, kinachotafutwa ni majimaji ya mtoki yanayovutwa kwa sindano. Yakipakwa rangi, bakteria huonekana wamekolea ncha zote mbili mfano wa pini ya kufungia nguo. Kipo pia kipimo cha haraka kilichotengenezwa Madagaska, ambacho taarifa zake zilitolewa mwaka 2003 na ambacho hutoa jawabu kwa dakika 15. Uthibitisho hupatikana kwa kuwaotesha bakteria katika maabara yenye ulinzi unaostahiki.

Sampuli yoyote ni lazima iandikwe mambo matatu: siku homa ilipoanza, siku sampuli ilipochukuliwa, na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kumeza. Sampuli isiyo na tarehe ya kuanza kwa homa ni sawa na barua isiyo na anwani.

TIBA HAINGOJI JAWABU

Kwa kuwa majibu kutoka maabara za rejea huchukua siku nyingi, na kuna vipimo vya kuotesha vinavyochukua wiki kadhaa, haijuzu kumweka mgonjwa akisubiri karatasi. Damu ikishachukuliwa, tabibu mwenye dhana yenye msingi huanza tiba. Homa ya mgunda ikiwa nyepesi hutibiwa kwa doksisaiklini au amoksilini. Ikiwa kali, kwa sindano za penisilini au seftriaksoni. Homa ya kuumwa na panya husikia penisilini. Tauni hutibiwa kwa streptomaisini, jentamaisini au doksisaiklini, na penisilini haiifai. Hizi ni dawa zinazojulikana hospitalini kwetu. Si za kununuliwa dukani kwa kubahatisha, kwani wajawazito, watoto na wenye maradhi ya figo wana uangalizi wao. Na dawa iliyomezwa ovyo hufuta alama ambazo maabara ingeziona.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Mwenye homa aende kituo cha afya mapema, na asingoje kuulizwa. Amweleze tabibu kazi yake, safari zake za mwezi uliopita, maji aliyoingia, na kama ameumwa na panya.

2. Aliyerejea kutoka Mara, au kutoka machimboni na mbugani popote pale, aitaje safari hiyo hata akiiona haina maana. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea mbuga za Tanzania, Serengeti ikiwemo, waligunduliwa kuwa na malale baada ya kurejea kwao Ulaya. Khabari ya safari ndiyo inayompa tabibu mahali pa kuanzia.

3. Nafaka ihifadhiwe katika vyombo vyenye mifuniko au ghala lililoinuliwa, taka zisilundikane, na maji ya kunywa yafunikwe na kuchemshwa.

4. Afanyaye kazi majini au matopeni avae viatu vya mpira, na afunike vidonda vyake.

5. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Wakionekana panya wengi wamekufa, visiwani apewe taarifa Sheha, na Bara apewe ofisa mtendaji wa kijiji, ili wataalamu wa afya waarifiwe siku hiyo hiyo.

6. Aliyeumwa na panya aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende kutibiwa, na aikumbuke tarehe.

Watumishi wa afya, kwa upande wao, wanaombwa wasifunge daftari kwa maneno "hana malaria." Maneno hayo yafuatwe na swali. Mgonjwa mmoja mwenye mtoki na homa, au wagonjwa wawili watatu wa mtaa mmoja wenye homa na manjano au damu, ni jambo la kuripotiwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya bila ya kungoja mwisho wa wiki. Watumishi wa mifugo na kilimo nao wana sehemu yao: ng'ombe wanaotupa mimba na panya wanaofurika shambani ni khabari za afya ya binadamu pia, na zafaa zimfikie tabibu.

Tangu miaka ya 2000 malaria imepungua sana Unguja na Pemba, na hiyo ni neema. Lakini maana yake ni kwamba hapa petu homa nyingi zinazofika hospitali si malaria, na jawabu la "hakuna kitu" ndilo linalotoka mara nyingi zaidi. Jawabu hilo lisiwe la kumpeleka mgonjwa nyumbani na homa yake. Ruangwa walikufa watu watatu kabla jina la maradhi halijatangazwa. Kuuliza kazi, maji, panya na safari ni dakika tano, na dakika hizo ziko katika uwezo wa kila kituo, cha Tarime, cha Mugumu na cha visiwani.